Madau Mawili: Dau la Bahari na Dau la Kamari

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na kazi ya mikono, akaharimisha watu kuliana mali zao kwa njia ya batili. Na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa karatasi hizi zimeandikwa kwa ajili ya watu wa Mkokotoni na Tumbatu na vijiji vilivyo jirani, khasa vijana wavuvi, na wazee wao, na wake zao. Sababu yake ni balaa moja ambayo zamani mtu alikuwa aifuate mbali, na sasa imo ndani ya mfuko wa kanzu yake. Nayo ni kamari ya simu, ambayo vijana huiita kubeti, na orodha ya michezo wanayoiwekea fedha huiita mkeka. Mafunzo haya yamegawanywa milango mitano, na baadaye yamefuatishwa masala machache ambayo watu huyauliza sana.

MLANGO WA KWANZA: Kamari ni nini, na kwa nini uvuvi si kamari

Kamari, ambayo Qurani imeitaja kwa jina la maisiri, ni kulla mchezo au mapatano ambayo walioingia humo hutoa mali zao, na kulla mmoja wao hana ila mambo mawili: ama atwae mali ya mwenziwe bila ya kumpa kitu badala yake, ama atwaliwe mali yake bila ya kupewa kitu. Ndivyo wanavyoipambanua wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii. Na fedha anayoiweka mchezaji huitwa dau.

Hapa mvuvi aweza kuuliza: "Mimi nashuka pwani jioni, natia mafuta katika mashine, nakwenda baharini, wala sijui kama nitarudi na samaki au nitarudi mtupu. Je, hii nayo si kamari?" Suala hili ni zuri, na jawabu lake ndilo msingi wa mafunzo haya. Dau la bahari na dau la kamari yamefanana kwa jina, na yamefanana pia kwa kuwa mwenyewe hajui litarudi na nini. Walakini yametafautika kwa mambo matatu.

La kwanza, samaki hakutoka mfukoni mwa mtu. Nyavu za mmoja zikijaa, si lazima za mwenziwe zitoke tupu. Katika kamari hapana senti moja anayoipata mshindi ila imetoka kwa mtu aliyeshindwa.

La pili, bahari hulipa kazi na ujuzi. Ajuaye majira ya maji, na pepo, na mahali pa mwamba, hupata zaidi ya asiyejua. Kamari hailipi kazi. Hata aliyehifadhi majina ya wachezaji wote wa mpira wa Uingereza huweka dau lake juu ya jambo lisilo mkononi mwake.

La tatu, wana chombo hugawana. Kuna fungu la chombo, na fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Wakipata hupata pamoja, na wakikosa hukosa pamoja. Katika kamari hapana ushirika, kwani furaha ya mmoja ni kilio cha wengine.

Na jua ya kuwa kamari haihalaliki kwa kuwa fedha yake imetumiwa katika jambo la kheri. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakichinja ngamia na kumgawa mafungu, kisha hutoa mishale kumi iliyotiwa alama: saba ina mafungu, na mitatu ni mitupu. Wale waliotokewa na mishale mitupu ndio waliolipa bei ya ngamia. Na walioshinda walikuwa wakiwapa maskini ile nyama, na kujifakhiri kwa ukarimu wao. Juu ya hayo Mwenyezi Mungu aliiharimisha. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, ameeleza kwamba katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, lakini dhambi zake ni kubwa kuliko manufaa yake. Thama katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, ameiweka kamari pamoja na ulevi na masanamu, akaieleza kuwa ni uchafu katika kazi za Shetani, akaamrisha iepukwe. Akataja na sababu yake: kwamba Shetani ataka kutia uadui na bughudha baina ya watu, na kuwazuia na kumkumbuka Mola wao na Sala.

Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) ameamrisha kwamba mtu anayemwambia mwenziwe waje wachezeane kamari, basi na atoe sadaka. Tazama! Hilo ni neno tu la kuita, na fedha haijatolewa bado. Na Sheikh Ibn Hajar Al-Haitami, katika wanavyuoni wakubwa wa madhehebu ya Shafii, ameihesabu kamari katika madhambi makubwa.

MLANGO WA PILI: Hesabu ya mkeka

Vijana wengi hudhani kwamba mwenye kamari hushinda kwa sababu wao hawajapata bado ujuzi wa kutosha. Sivyo. Mwenye kamari hushinda kwa hesabu, na hesabu hiyo ifahamike hapa kwa mfano mwepesi.

Chukua michezo mitano ya mpira, na kulla mchezo uwe una njia mbili tu zilizo sawa: ama hivi, ama hivi. Michezo mitano ya namna hiyo ina njia 32 za kumalizika. Basi waje wavuvi 32, kulla mmoja aweke dau la shilingi 1,000, na kulla mmoja achague njia yake isiyofanana na ya mwenziwe. Zimepatikana shilingi 32,000. Hapana shaka mmoja wao atapata, na 31 watakosa. Lau kuwa mchezo una uadilifu, yule mmoja angelipwa zote 32,000. Lakini mwenye kamari hawalipi hivyo. Kwa mchezo mmoja ambao haki yake ni shilingi 2,000 kwa kulla 1,000, yeye hulipa, kwa mfano, 1,850. Upungufu huu waonekana mdogo. Walakini michezo ikiunganishwa mitano katika mkeka mmoja, upungufu huzidishana wenyewe kwa wenyewe, na yule mshindi hupewa shilingi 21,670 tu. Zilizobaki, shilingi 10,330, karibu na theluthi ya mali yote, amezitwaa mwenye kamari, naye hakuloa hata maji ya magotini.

Na kulla mkeka ukirefuka, fungu lake huzidi. Ndiyo sababu matangazo huwahimiza watu kuunganisha michezo mingi. Tena mshindi mwenyewe hazili zile 21,670, kwani aghlabu huzirudisha mchezoni, na theluthi nyingine hukatwa, na nyingine baada yake. Watu husimuliana khabari za yule mmoja aliyepata, na picha yake huonyeshwa kila mahali. Wale 31 hapana asimuliaye khabari zao, kwa kuwa wamenyamaza kwa haya.

MLANGO WA TATU: Namna mtu anavyonaswa

Samaki haingii demani kwa nguvu. Huingia kwa khiari yake, kwa kufuata chambo, kwa mlango mpana wa nje ambao ndani ni mwembamba. Kuingia ni kwepesi, na kutoka ndiko kulikoshindikana. Na hivi ndivyo kamari inavyomnasa mtu. Mfano wake ni huu.

Mtu mmoja, aitwe Fulani, ni baharia wa chombo cha dagaa. Usiku wa giza huenda baharini na taa, na siku za mbalamwezi kubwa hukaa pwani, maana dagaa hawavuliki. Siku moja katika siku hizo za kukaa, akaweka shilingi 500 katika simu kwa ajili ya mchezo tu, akapata 14,000. Kile ndicho chambo. Tangu hapo moyo wake ukajua kwamba fedha yapatikana bila ya kuloa.

Akacheza tena akakosa. Lakini hakukosa kabisa, kwani timu nne zilikuwa sawasawa, na ya tano ikafungwa bao dakika za mwisho. Akasema, "Nusura!" Na neno hili nusura ni sumu. Katika hesabu, aliyekosa kwa bao moja na aliyekosa yote ni sawa, wote wawili wamepoteza. Lakini moyo wa mtu huihesabu nusura kama kwamba ni ushindi uliochelewa, na humrudisha kwa haraka zaidi.

Kisha ikaja daraja ya tatu, nayo ni kufukuza khasara. Hakucheza tena ili atajirike, bali alicheza ili arudishe zilizopotea. Akatia fungu lake la wiki. Akatia fedha za mafuta ya mashine, ambazo ni amana ya wenziwe. Akakopa kwa simu, na mkopo ukawa na ziada ya riba juu yake. Mwisho akafungua sanduku la mkewe, akatwaa fedha za upatu, na alipoulizwa akasema zimeibiwa. Tangu siku hiyo akawa halali usiku, tena akaacha kwenda msikitini kwa jamaa, si kwa kuidharau Sala, bali kwa sababu mtu anayemdai huswali katika safu ya mbele. Mambo yote yaliyotajwa katika ile aya ya Al-Maida yamekwisha timia: uadui, na bughudha, na kuzuiliwa na Sala.

Matabibu wa zama hizi nao wameijua hali hii. Shirika la Afya Duniani, katika daftari lake la maradhi la toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, limeihesabu kamari iliyomshinda mtu kuwa ni maradhi, na limetaja alama zake tatu: kwamba mtu hawezi kujizuia wakati wa kucheza na kiasi cha kucheza, kwamba kamari imetangulia mbele ya mambo yake mengine, na kwamba haachi juu ya kuyaona madhara yake. Mtu na ajipime nafsi yake kwa alama hizi kabla ya kupimwa na watu.

Na huandikwa chini ya matangazo kwamba mtu acheze kwa kiasi. Lakini Fulani alianza kwa kiasi. Shilingi 500 ni kiasi. Kitu ambacho kazi yake ni kula kiasi cha mtu hakiwezi kulindwa kwa kiasi, na sharia imekwisha fundisha katika ulevi kwamba kitu ambacho kingi chake hulevya, kidogo chake nacho ni haramu.

Hata serikali zilizoiruhusu zimeiwekea mipaka kwa kuikhofu. Katika Tanzania Bara sheria yake ilitungwa mwaka 2003, ikaundwa na Bodi ya kuisimamia, na asiyetimia miaka 18 amekatazwa. Katika Uganda, Januari 2019, serikali ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya za kubeti. Na katika Kenya, Julai 2019, serikali ilikataa kuzipa leseni upya kampuni nyingi za kazi hiyo. Leseni ni ruhusa ya duniani, haigeuzi haramu kuwa halali. Walakini mwenye akili na azingatie: ikiwa mwenye kutoa leseni mwenyewe akhofu, je, mtoto wa mvuvi asikhofu?

MLANGO WA NNE: Njia ya kutoka

Imamu Nawawi ameeleza kwamba toba ina masharti matatu: kuliacha lile dhambi, na kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Na likiwa lafungamana na haki ya mwanadamu, huzidi sharti la nne, nalo ni kuirudisha ile haki kwa mwenyewe. Mcheza kamari ana haja ya yote manne, na wengi hufeli kwa kuwa hujuta sana na kuazimia sana, lakini hawaondoi sababu zinazowarudisha. Basi na afuate haya kwa tartibu.

Kwanza, amwambie mtu mmoja mwaminifu. Siri ndiyo maji ambayo balaa hii huogelea humo. Si lazima autangazie mji, wala haifai mtu kujifedhehi kwa dhambi ambayo Mola wake amemsitiria. Lakini kumwambia mtu atakayemsaidia si kujifedhehi, bali ni kutafuta dawa.

Pili, atoe mali yake mkononi mwake. Vitabu vya fiqhi vina mlango uitwao hajri, maana yake kumzuilia mtu asiitumie mali yake kwa ajili ya kuilinda. Na katika Minhaji ya Imamu Nawawi, anayezuiliwa kwa ufujaji ni yule anayekhasirika khasara kubwa katika biashara, au anayeitupa mali yake baharini, au anayeitumia katika haramu. Wanavyuoni wamewaweka hawa katika hukumu moja. Basi mtu asiyeweza kuiona fedha ila aitie mchezoni, ni kheri kwake ajizuilie mwenyewe kwa khiari kabla ya kuzuiliwa. Apatane na nahodha kwamba fungu lake apewe mkewe, au mama yake, au ndugu yake mwaminifu, na yeye apewe matumizi ya siku. Hii si kuvuliwa uanaume. Mgonjwa wa macho hushikwa mkono, wala hapana anayemcheka.

Tatu, akate kamba. Afunge hesabu yake ya mchezo na aiombe kampuni isimfungulie tena. Abadilishe namba ya simu anayoletewa matangazo. Na kama hawezi, basi atumie kwa muda simu ndogo isiyo na intaneti. Asikae katika baraza ambayo mazungumzo yake ni mikeka.

Nne, azitazame saa zake. Fulani alinaswa katika siku za mbalamwezi, wakati ambao hakuwa na kazi. Basi siku hizo na zijazwe: kushona nyavu, kukalafati chombo, darsa baada ya Magharibi, kuwazuru jamaa. Kishawishi huja kama mawimbi, hupanda kisha hushuka. Anayeweza kukaa na watu wema mpaka kishuke, amevuka.

Tano, aandike madeni yake yote katika karatasi moja, bila ya kuficha hata moja: amana ya wenziwe, na fedha za mkewe, na mikopo. Na ajue ya kuwa nafaka ya mke aliyoizuia haikuanguka kwa kupita siku, bali katika madhehebu ya Shafii ni deni juu yake. Halafu awaendee wenye haki mmoja mmoja, awaambie kweli, na kulla mmoja amwekee kidogo alichokiweza. Na mwenye kudai ameusiwa katika Al-Baqara, aya ya 280, kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi.

Na hapa pana khabari njema ambayo wengi hawaijui. Katika mafungu manane ya zaka limo fungu la wenye madeni. Mtu aliyekopa katika maasi, Imamu Nawawi katika Minhaji amelisahihisha kwamba akitubia hupewa. Basi mcheza kamari aliyetubia toba ya kweli na akashindwa na madeni yake, anao mlango katika zaka. Na wenye zaka wamlipie deni lake kwa idhini yake mbele ya mwenye kudai, wasimtie fedha mkononi, ili wasimrudishe katika mtihani.

Sita, asione haya kwenda kwa tabibu. Kuna tiba ya mazungumzo, ambayo mtu hufundishwa kuvijua vishawishi vyake na kuzivunja fikira za uwongo kama ile ya nusura, nayo imewafaa wengi. Aanze katika Hospitali ya Kivunge, iliyo karibu, aulize aelekezwe. Na mjini Unguja iko Hospitali ya Kidongo Chekundu, ya maradhi ya akili. Kwenda huko si wazimu. Toba ni dawa ya dhambi, na tabibu ni dawa ya maradhi, na mtu huyu ana vyote viwili.

Na akianguka tena baada ya kutubia, asiseme, "Toba yangu ilikuwa bure." Toba ya kwanza haikubatilika. Lililomlazimu ni kutubia mara nyingine, upesi, na kumwambia yule msiri wake siku ile ile, kabla ya khasara moja kuzaa ya pili.

MLANGO WA TANO: Wajibu wa jamaa na wa mji

Bukhari amepokea kwamba mtu mmoja mlevi aliletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) akapigwa adabu, na baadhi ya watu wakamwombea fedheha. Mtume akawakataza, akawaambia wasimsaidie Shetani juu yake. Na ulevi na kamari zimetajwa katika aya moja, basi adabu ya mwenye mojawapo ni moja. Anayemtukana mcheza kamari barazani, na kumpa jina la kejeli, amemsukuma kurudi kwa wale tu wasiomcheka, nao ni wachezaji wenziwe.

Walakini kumsitiri si kumlipia kwa siri. Mama anayemlipia mwanawe deni la kamari kulla mwezi, na kuficha, amempa dau jipya bila ya kukusudia. Msaada ulio sawa ni ule unaokwenda moja kwa moja kwa mwenye kudai, pamoja na sharti la kutoa mali mkononi. Na mke asilazimishwe kutoa dhahabu zake wala fedha zake, kwani mali yake ni yake.

Na jamaa wazitambue alama za khatari kubwa. Mtu aliyezongwa na madeni huweza kufikwa na mawazo ya kujiua. Akisema kwamba heri afe, au akianza kuaga watu na kugawa vitu vyake, neno lake lisichukuliwe kuwa ni mzaha. Asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mlango wa rehema haujafungwa, na deni lolote laweza kuzungumzwa maadamu mtu yu hai.

Na mji nao una kazi. Mwaka 1957, katika mji wa Los Angeles, Marekani, watu wawili waliozidiwa na kamari walianza kukutana na wenzao, kulla mmoja kusema kweli yake na kutiana nguvu, na mikutano ya namna hiyo ikaenea nchi nyingi. Waislamu wana haki zaidi ya jambo hili, kwani kuusiana haki na kuusiana subira ni katika dini yao. Watu watatu waliotubia wakikaa baada ya Isha katika chumba cha madrasa, na mwalimu mmoja mwenye kutunza siri, kheri kubwa hupatikana, wala hapahitajiwi fedha.

MASALA

Suala: Je, upatu ni kamari?
Jawabu: Si kamari. Kulla mmoja hutoa sawa na wenziwe na hupata sawa na alichotoa. Kinachotafautika ni zamu tu, nao ni mfano wa kukopeshana. Sheikh Qalyubi, katika hashia yake juu ya sherehe ya Minhaji, ametaja kukusanyiana fedha kwa namna hii walikokuwa wakikufanya wanawake, na kwamba ni jaizi.

Suala: Je, kulla shindano la kupewa zawadi ni haramu?
Jawabu: La. Mashindano ya farasi na ngamia na kutupa mishale zawadi yake yajuzu kwa masharti yake, kama kutolewa na kiongozi au na mtu asiyeshindana, na Imamu Shafii husemwa ndiye wa kwanza kuupanga mlango huu katika fiqhi. Na watu wakishindana mbio za ngalawa bila ya kuwekeana mali, si kamari. Lakini watazamaji wakiwekeana fedha juu ya nani atashinda, wao wamecheza kamari, hata ikiwa washindani hawakucheza.

Suala: Bahati nasibu ya ujumbe wa simu, mtu hukatwa shilingi chache tu, ni nini hukumu yake?
Jawabu: Ikiwa mtu hutozwa kwa ajili ya kuingia katika kura, ni kamari, na uchache wa fedha haubadilishi hukumu.

Suala: Aliyetubia, naye bado ana fedha alizozipata kwa kamari, azifanyeje?
Jawabu: Akimjua mwenye haki amrudishie. Asipomjua, Imamu Ghazali amefundisha kwamba mali ya namna hii itolewe katika maslahi ya Waislamu wote au wapewe mafakiri. Na thawabu yake ni ya kutii na kujitakasa, si ya sadaka ya mali yake, kwani haikuwa mali yake.

Suala: Mtu ameapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hatacheza tena, kisha amecheza?
Jawabu: Ni juu yake toba, na kafara ya kiapo, nayo imetajwa katika Al-Maida, aya ya 89, iliyo kabla ya aya ya kamari: kuwalisha maskini kumi au kuwavisha, na asiyeweza hufunga siku tatu.

Suala: Na aliyesema, "Nikicheza tena mke wangu ameachika"?
Jawabu: Huyu amecheza kamari ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, kwani dau lake ni nyumba yake na watoto wake. Talaka iliyofungwa kwa sharti, sharti likipatikana, katika madhehebu ya Shafii huanguka. Basi asithubutu mtu kuifunga toba yake kwa talaka. Na aliyekwisha sema na awahi kwa Kadhi, asijifutu mwenyewe.

KHATIMA

Ewe ndugu msomaji, usiku wa giza ukifika, taa za vyombo huonekana baina ya Mkokotoni na Tumbatu, na ndani ya kulla chombo mna watu wanaotafuta riziki kwa jasho. Wengine watarudi na kingi, na wengine na kichache, na alfajiri watagawana pwani mbele ya macho ya watu wote, wala hapana mwenye kuficha uso wake. Dau la bahari likirudi tupu leo, kesho hushuka tena, na mwenyewe ana heshima yake. Dau la kamari likirudi tupu huja limechukua pamoja nalo amana, na upatu wa mke, na safu ya msikitini.

Naye Fulani, ikiwa yumo katika wanaosoma au wanaosomewa karatasi hizi, na ajue ya kuwa dema lina mlango. Hautafuti kwa kujigonga gonga ndani peke yake, bali kwa kumwita aliye nje anyanyue na kufungua. Amwambie mtu mmoja leo, kabla ya kulala.

Mwenyezi Mungu awatoe walionaswa, awalipie wenye madeni, awape subira wake na wazazi, na awajaalie watu wa mji huu kuwa wasaidizi wa ndugu zao, wala wasiwe wasaidizi wa Shetani juu yao. Amin. Wallahu aalam.